Makaa Chini ya Manyoya

Msomaji wetu anayeishi Minneapolis, Marekani, anauliza: mbegu anazowawekea ndege nje ya dirisha majira ya baridi zinawasaidia kweli, au zinawazoesha uvivu? Jibu lake linaanzia usiku, ndege wakishaondoka dirishani.

Mgeni mkubwa wa madirisha hayo ni chikadi, ndege wa utosi mweusi mwenye uzito wa gramu 11 hivi. Desemba, usiku wa huko hufika saa 15, na baridi huweza kupita nyuzi 20 chini ya sifuri. Mchana joto la mwili wake ni kama nyuzi 42. Akitaka kulishikilia usiku kucha, mafuta yatamwishia kabla ya alfajiri. Hivyo hulishusha mwenyewe, kwa nyuzi 10 hadi 12. Kushuka huku nakuita mpoo wa usiku. Neno usingizi mzito halitoshi kuueleza, kwa maana ndani kazi haijasimama.

Ni kama mtu anayefukia makaa jioni. Hauzimi moto, wala hauachi uwake. Huufunika majivu, ukala mkaa kidogo kidogo hadi asubuhi. Majivu ya chikadi ni manyoya aliyoyatutumua, yakanasa hewa. Moto wake ni misuli ya kifua, ileile ya kurukia: ya kushusha bawa na ya kulipandisha hukaza kwa pamoja, bawa lisiende popote, na nguvu yote ikageuka joto. Ndege hutetemeka hivyo, kwa vipindi, gizani. Na kwa kuwa tofauti kati ya mwili uliopoa na baridi ya nje imepungua, joto linalovuja hupungua pia. Karibu na mapambazuko hutetemeka kwa nguvu zaidi, moto ukakolea tena, akatoka kutafuta chakula. Lakini majivu hayaongezi mkaa. Aliyelala na mafuta haba hatafika asubuhi, hata ajifunike vipi.

Hapo ndipo mbegu zinapoingia. Margaret Brittingham na Stanley Temple, katika utafiti wa Wisconsin uliochapishwa mwaka 1988, walikuta kwamba asilimia 69 ya chikadi waliopata mbegu za watu walivuka majira ya baridi, dhidi ya asilimia 37 ya wasiozipata. Tofauti ilijitokeza hasa katika miezi ya baridi kali. Kuhusu uvivu, hao hao walionyesha baadaye kwamba mbegu hizo ziliwapa takribani asilimia 21 tu ya nguvu walizohitaji kwa siku, na zilipoondolewa ndege hawakufa zaidi ya wenzao ambao hawakuwahi kulishwa.

Basi walishe, lakini osha vyombo vya mbegu mara kwa mara, maana magonjwa huambukizwa hapo. Kisha weka alizeti nyeusi, yenye mafuta mengi na ganda jepesi, na uhakikishe haijaisha saa za alasiri, hasa siku ambayo baridi kali imetabiriwa.