Utafiti wa kansa: kingamwili inayoonyesha kama protini imewashwa

Katika maabara za utafiti wa kansa, swali moja hurudi kila mara: je, dawa imezima amri inayosukuma seli kuongezeka? Jibu hutafutwa kwa kingamwili, protini ambayo mwili hutengeneza ili kushika adui zake.

Mfano ni protini iitwayo ERK. Seli huiwasha kwa kuibandika fosfati mahali pawili. Kwa wagonjwa wengi wa melanoma, aina ya kansa ya ngozi, ERK hubaki imewashwa bila kupumzika. Dawa ya trametinib, iliyokubaliwa Marekani mwaka 2013, huzuia protini inayoiwasha.

Kingamwili ya kawaida hushika ERK yote. Nyingine, iliyotengenezwa kwa kazi hii, hushika tu ile yenye fosfati. Watafiti hutumia zote mbili: moja huhesabu taa zote za nyumba, nyingine huhesabu zinazowaka.

Lakini si kila kichupa kinachouzwa ni cha kuaminiwa. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2023 kuhusu kingamwili 614 za protini 65 yalionyesha kwamba zaidi ya nusu zilishindwa angalau katika matumizi moja.

Kwa kingamwili ya fosfati, kuna njia ya kuihakikisha. Sampuli hutiwa enzimu inayoondoa fosfati. Alama ikitoweka, kingamwili inasema kweli. Ikibaki, inashika kitu kingine, na dawa nzuri inaweza kutupwa, au isiyofaa ikasifiwa.