Mavazi ya Vijana wa Kampala

Kijana atakaye kupendeza hapa Kampala huenda soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe. Mimi nami hununua huko. Hapo hufunguliwa marobota ya mitumba, nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya na Marekani. Sisi tu karibu na ikweta, hatuna majira kama yao. Hata hivyo kaptura zao za kiangazi na makoti yao ya baridi hutufikia pamoja.

Lakini hatuzivai kama zilivyokuja. Fundi cherehani hubana suruali, hukata mikono, huunganisha fulana mbili zikawa moja. Mwaka 2022 mbunifu Bobby Kolade, kwa jina la Buzigahill, alianza kuziuza nguo zilizoshonwa upya namna hiyo kule kule zilikotoka.

Wako wasemao kwamba mitumba huua viwanda. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikusudia kuiacha ifikapo 2019. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Mwaka 2018 Marekani ikaiondolea nafuu ya kuuza nguo kwake bila ushuru. Nchi nyingine zilirudi nyuma.

Basi, ndugu zangu, tukikataza mitumba leo, wachuuzi na mafundi wa Owino watakula nini? Tena Uganda hulima pamba, lakini nyingi huuzwa nje kabla ya kufumwa. Nionavyo mimi, tuanze na kufuma, kukataza kutafuata.