Je, nyumba ya utamaduni inawezaje kujengwa kilimani bila kukiumiza kilima?

Kampala ni mji wa vilima, na barabara ya Ggaba huonyesha vizuri maana yake. Barabara hiyo hutoka katikati ya mji, hupita Kabalagala na Kansanga, jirani na kilima cha Muyenga, kisha huteremka hadi ufuoni mwa Ziwa Victoria. Maji ya mvua yanayotoka kwenye miteremko ya Kansanga nayo huelekea kwenye ziwa hilohilo.

Katika mazingira hayo, kila anayejenga hukata udongo na kubadili njia ya maji. Kwa nyumba ya utamaduni swali ni zito zaidi, kwa kuwa jengo hilo hutarajiwa kudumu, kupokea umma na kusema jambo fulani kuhusu mahali lilipo.

Kutoka kontena hadi tofali

Mfano wa karibu ni 32° East, kituo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 2011 na kupewa jina la longitudo inayopita Kampala. Kwa miaka mingi wasanii wake walifanya kazi Kansanga ndani ya makontena ya kusafirishia mizigo. Kontena lina faida moja kubwa: mkataba wa kupanga ukimalizika, huinuliwa likaenda zake.

Baadaye kituo kilianza kujijengea makao ya kudumu katika ujirani huohuo. Jengo lilibuniwa na ofisi ya usanifu ya New Makers Bureau ya Uingereza ikishirikiana na Localworks ya Kampala, na awamu yake ya kwanza imekwisha kukamilika. Udongo uliochimbuliwa katika kiwanja chenye mteremko ulitumika kutengeneza matofali yasiyochomwa.

Uamuzi huo hutatua matatizo mawili kwa pamoja. Kwanza, udongo uliokatwa haupakiwi kwenye malori kwenda kutupwa mabondeni. Pili, matofali ya kuchoma yanayotumika sana nchini Uganda huhitaji kuni nyingi, ilhali tofali la udongo ulioshindiliwa pamoja na saruji kidogo hukaushwa bila moto. Uganda ina historia yake katika ufundi huo: mhandisi Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere alijulikana kwa kuendeleza matofali ya namna hiyo yanayoshikana, yakiwemo yaliyopinda kwa ajili ya kujengea matangi ya maji.

Hatua ya kwanza: kukisoma kilima

Msanifu anayekabidhiwa kiwanja cha mteremko ana njia mbili. Anaweza kukisawazisha chote, akajenga ukuta mrefu wa kuzuia udongo na kuweka jengo moja kubwa juu ya uwanda huo. Au anaweza kuligawa jengo katika vipande vidogo vinavyoshuka ngazi kwa ngazi kufuata kilima.

Njia ya kwanza ni nyepesi kuchora, lakini ukuta mrefu hubeba uzito wa udongo pamoja na maji yaliyojificha nyuma yake, na ukikosa matundu ya kuyatoa huweza kupasuka au kuanguka. Njia ya pili hukata udongo kidogo na kuiacha miti mingi isimame. Hata hivyo, ngazi nyingi ni kikwazo kwa mtu anayetumia kiti cha magurudumu na kwa fundi anayebeba sanamu nzito, kwa hiyo njia za kupanda taratibu lazima zipangwe tangu mwanzo.

Jua nalo lina masharti yake. Wachoraji wa Ulaya hupenda dirisha la kaskazini kwa sababu huko mwanga wake haubadiliki sana. Kampala iko kilomita zipatazo 35 tu kaskazini ya Ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na miezi mingine huhamia kusini. Karakana ya msanii huhitaji basi paa lenye kingo ndefu pande zote mbili, na kuta zenye matundu machache mashariki na magharibi, ambako jua huingia likiwa chini. Kilima kikiteremkia mashariki au magharibi, mahitaji ya jua na ya mteremko hugongana, na hapo ndipo vipande vidogo huonyesha faida yake: kila kimoja huweza kugeuzwa peke yake.

Maji huenda wapi?

Swali hili huamua kama majirani watalibariki jengo au watalilaani. Paa la mita za mraba 300 likinyeshewa mvua ya milimita 40 hupokea lita 12,000 za maji. Yakiachwa yateremke kwa mara moja, hubeba tope hadi milangoni mwa walio bondeni, kisha hadi Ghuba ya Murchison, ambako mitambo ya Ggaba huchota maji yanayonywewa na wakazi wa jiji. Matangi, mifereji yenye mawe na bustani za kunyonya maji ni sehemu ya jengo sawa na kuta zake.

Fundisho la Kasubi

Wazo la jengo kuwa kitu kimoja na kilima chake si geni Buganda. Makaburi ya Kasubi, walikozikwa makabaka wanne, yako juu ya kilima katika eneo la karibu hekta 30, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo ni mashamba yanayolimwa kwa njia za jadi. Nyumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga, hujengwa kwa miti, matete na nyasi, na pete 52 za paa lake huwakilisha koo za Baganda.

Kasubi iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, ikateketea kwa moto tarehe 16 Machi 2010, na ikaondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini Septemba 2023 baada ya kujengwa upya. Nyasi zilikuwa udhaifu wake mbele ya moto. Lakini nyumba iliweza kurudi kwa sababu ujuzi wa kuezeka, ambao ni jukumu la ukoo wa Ngeye, ulikuwa bado hai.

Kwa majengo mapya ya udongo, sharti ni lilelile. Ukuta usiochomwa hudumu ikiwa msingi umeinuliwa juu ya maji yanayoruka na paa linaukinga na mvua, na ikiwa kuna watu wanaojua kuuziba unapopata ufa. Bajeti inayomaliza fedha zote siku ya ufunguzi huacha kazi hiyo bila mwenyewe. Taasisi inayopanga kujenga kwenye miteremko ya Kampala inapaswa kutenga fungu la matunzo na kufundisha mafundi wa mtaani kabla tofali la kwanza halijawekwa.