Neno la Jumuiya na Ukaguzi wa Swichi Yenye Mitandao Mingi

Kompyuta ya hesabu ya chama cha msingi kule Rombo au Machame inapokatika mtandao siku ya malipo ya kahawa, katibu hana budi kumpigia simu fundi aliyeko Moshi mjini. Fundi hupanda gari, akafika baada ya saa kadhaa, na pengine akakuta waya mmoja tu umechomoka. Nauli imekwisha kulipwa, na wakulima wamerudi nyumbani mikono mitupu. Usumbufu huo hupungua iwapo swichi ya chama yaweza kuulizwa hali yake kutoka mbali.

Swichi inayozungumzwa hapa si ile ya kuwashia taa. Ni kisanduku chenye matundu mengi, ambacho huunganisha kompyuta na vifaa vingine vya ofisi. Swichi zilizotengenezwa ili zisimamiwe hujibu maswali kwa utaratibu uitwao SNMP, ambao ulitangazwa mwaka 1988. Kompyuta ya msimamizi huuliza. Swichi hueleza tundu lipi li hai, lipi limekufa, na makosa mangapi yametokea. Maswali hayo ni mafupi mno, hata njia hafifu ya mtandao hailemewi nayo.

Kila swali hubeba neno liitwalo neno la jumuiya. Likilingana na lile ambalo swichi imepewa, jibu hutoka. Lisipolingana, swichi hunyamaza. Wanaushirika wasidanganywe na jina hilo, maana neno hili si la jumuiya hata kidogo. Ni ufunguo. Swichi nyingi zimetoka viwandani zikiwa na neno "public" la kusomea habari, na "private" la kusomea na kubadilishia. Maneno hayo mawili yanajulikana dunia nzima, na kuyaacha yalivyo ni sawa na kuuacha ufunguo wa ghala ukining'inia mlangoni. Lile la kubadilishia ndilo baya zaidi, kwa kuwa aliye nalo aweza kulifunga tundu la kompyuta ya hesabu akiwa mbali. Chama kinachotaka kuangalia tu hakina haja nalo, na lifutwe.

Sasa kuna jambo ambalo huwapotosha hata mafundi. Swichi moja yaweza kugawanywa ndani yake iwe mitandao kadhaa isiyochanganyika, kila mmoja ukiitwa VLAN na kupewa namba kati ya 1 na 4094. Ni kama ghala moja lililojengewa kuta: chumba cha kahawa, chumba cha mbolea, chumba cha vifaa. Chama chaweza kuweka hesabu katika VLAN ya 10, mizani katika ya 20, na simu za wageni katika ya 30.

Katika swichi za Cisco, ambazo ni nyingi maofisini, hesabu za matundu hupatikana kwa neno la jumuiya likiwa peke yake. Lakini orodha ya vifaa vilivyounganishwa, pamoja na tundu ambalo kila kimoja kinatumia, huwekwa mbalimbali kwa kila VLAN. Anayeuliza orodha hiyo kwa neno tupu hujibiwa juu ya VLAN ya 1 tu. Kompyuta ngeni iliyochomekwa katika mtandao wa hesabu haitaonekana, na ripoti itasema kwamba hali ni shwari. Huyo ni sawa na mkaguzi aliyefungua chumba kimoja kisha akatia sahihi kwa ghala zima.

Dawa yake ni kuongeza alama ya @ na namba ya mtandao baada ya neno. Ikiwa neno ni "kihamba", VLAN ya 10 huulizwa kwa kihamba@10, na ya 20 kwa kihamba@20, hadi zote ziishe. (Huo ni mfano tu, neno halisi liwe refu, lisiloweza kukisiwa, na lisiwe na @ ndani yake, la sivyo swichi itachanganyikiwa.) Swichi nyingi za watengenezaji wengine hutoa orodha ya mitandao yote kwa neno moja, kwa hiyo fundi asome kitabu cha swichi yenyewe kabla ya kuamini kimya chake.

Ikumbukwe pia kwamba katika toleo la kwanza na la pili la SNMP neno hilo husafiri waziwazi, na anayesikiliza njiani aweza kulisoma. Kwa sababu hiyo swichi iagizwe kujibu anwani ya kompyuta ya msimamizi tu. Toleo la tatu, lililokamilishwa kuwa kanuni mwaka 2002, hutumia jina la mtumiaji na nywila, na laweza kuficha mazungumzo yote. Chama kinachonunua swichi mpya kidai toleo hilo.

Neno la jumuiya liandikwe katika bahasha iliyofungwa, iwekwe kasha la fedha, na itajwe katika hati ya makabidhiano. Fundi au katibu anapoondoka kazini, neno libadilishwe siku hiyo hiyo.