Harold Larwood, Mrushaji wa Kasi

Mtoto akifika uwanja wa kriketi kwa mara ya kwanza humtazama mpigaji, kwa kuwa ndiye mwenye gongo, na mikimbio huandikwa kwa jina lake. Lakini waulize wale waliokwisha kusimama mbele ya wiketi. Watakuambia kuwa mtu anayewakosesha usingizi ni yule ajaye mbio kutoka mbali, mpira mkononi. Huyo ndiye mrushaji wa kasi. Katika makala hii nataka kueleza kazi yake ilivyo, na nimemchagua mmoja, Harold Larwood wa Uingereza, kwa sababu maisha yake yaonyesha vizuri kazi hiyo humpa mtu nini, na humtoza nini.

Kwanza tuifahamu kazi yenyewe. Wiketi mbili za kriketi huachana yadi 22. Mpira ni wa ngozi ngumu, na uzito wake ni kama gramu 160. Mrushaji haruhusiwi kuutupa kama mtu atupavyo jiwe, yaani hawezi kukunja kiwiko kisha kukinyosha kwa ghafula anapouachia. Kwa kawaida mkono wake huzunguka juu ya bega ukiwa umenyooka. Basi nguvu yake yatoka wapi? Yatoka katika mbio zake, katika mgongo na bega, na zaidi katika mguu wa mbele, ambao hukita ardhini na kuuzuia mwili wote uliokuwa ukienda mbio. Kila arushapo, mguu huo hubeba uzito wa mwili wake mara kadhaa. Mpira ukitoka kwa kasi ya maili 90 kwa saa, humfikia mpigaji kwa muda wa karibu nusu sekunde. Baada ya kurusha mara sita hupumzika kidogo, mwenzake akirusha kutoka upande wa pili, kisha huanza tena. Kwa siku moja aweza kufanya hivyo mara mia na zaidi, juani, na kesho yake arudie.

Harold Larwood alizaliwa tarehe 14 Novemba 1904 katika kijiji cha Nuncargate, jimbo la Nottinghamshire, penye machimbo ya makaa ya mawe. Baba yake alikuwa mchimbaji. Harold aliacha shule mapema, na alipofika umri wa miaka 14 akaingia machimboni, akawa mwangalizi wa farasi wadogo waliovuta magari ya makaa chini ya ardhi. Hakuwa mtu wa kimo kikubwa. Hakufika hata futi sita. Lakini kazi ya machimboni ilimpa mgongo na mabega ya chuma, na miguu yake ilikuwa myepesi ajabu. Baadaye waamuzi waliosimama karibu na wiketi walisema kuwa hawakusikia hatua zake akija. Alichezea timu ya kijiji, na mwaka 1923, akiwa na miaka 18, klabu ya jimbo la Nottinghamshire ikamwajiri.

Hilo neno "ikamwajiri" tulieleze, maana bila kulifahamu hatutaelewa yaliyompata. Siku zile wachezaji wa kriketi Uingereza waligawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni wachezaji wa ridhaa, waliocheza bila mshahara. Wengi wao walikuwa watu wa nyumba zenye nafasi, waliosoma katika shule na vyuo vikubwa. Fungu la pili ni wachezaji wa kulipwa, ambao mchezo ulikuwa ndio chakula chao. Mafungu haya yalivalia nguo katika vyumba mbalimbali, na katika viwanja vingine yaliingia uwanjani kwa milango mbalimbali. Hata katika karatasi ya mchezo majina yao hayakuandikwa kwa namna moja. Kapteni wa timu ya taifa alikuwa mchezaji wa ridhaa, na mrushaji wa kasi, mwenye kazi nzito kuliko zote, mara nyingi alikuwa wa kulipwa. Wahenga wetu walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mgawanyiko huo wa mafungu mawili ulidumu mpaka mwaka 1962, ulipofutwa.

Larwood alipanda upesi. Mwaka 1926, kabla hajatimiza miaka 22, alichaguliwa kuichezea Uingereza dhidi ya Australia katika mechi kuu za mataifa, ziitwazo Test. Mwaka 1929 aliisaidia Nottinghamshire kuwa bingwa wa majimbo. Mwaka 1932 alipata wiketi 162 katika msimu mmoja, na kila moja haikumgharimu hata mikimbio 13. Asiyejua hesabu za kriketi na ajue hivi: mrushaji anayetoa wapigaji kwa mikimbio 20 kila mmoja husifiwa sana.

Lakini mwaka 1930 alikuwa ametokea mtu aliyewatesa warushaji wote wa Uingereza. Huyo alikuwa Donald Bradman wa Australia. Katika mechi tano tu za Test alipata mikimbio 974, na Larwood naye akapigwa pamoja na wengine. Waingereza walijua kuwa wakienda Australia bila dawa ya Bradman, watarudi mikono mitupu.

Kapteni aliyeteuliwa kwa safari ya 1932 alikuwa Douglas Jardine, mchezaji wa ridhaa aliyesoma Oxford, mtu mwenye akili nyingi na moyo mgumu. Kabla ya safari alikutana katika hoteli moja ya London na Arthur Carr, kapteni wa Nottinghamshire, pamoja na warushaji wawili wa jimbo hilo, Larwood na Bill Voce, ambaye naye alitoka katika nchi ya machimbo. Mazungumzo yalikuwa juu ya kumzuia Bradman.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Mrushaji aliupiga mpira chini mapema, mbali na mpigaji, ili uruke juu kuelekea mbavu, bega au kichwa chake. Wakati huohuo wadakaji watano au sita walipangwa karibu naye upande wa miguu yake, na wengine mbali zaidi upande huohuo. Mpigaji alikuwa na njia tatu. Akiuzuia mpira kwa gongo ili kujikinga, huenda ukaruka mikononi mwa wadakaji wa karibu. Akiupiga kwa nguvu, wale wa mbali walikuwa wakiungoja. Asipofanya lolote, mpira ulimpiga mwilini, na kofia za chuma za kujikinga hazikuwapo bado. Magazeti yaliupa mpango huo jina la Bodyline, yaani mstari wa mwili. Sheria ya siku zile haikuukataza. Lakini haukufaa mikononi mwa mrushaji yeyote tu. Ulitaka mtu mwenye kasi ya kutisha, awezaye pia kuupeleka mpira pale pale anapotaka, saa baada ya saa. Mtu huyo alikuwa Larwood.

Katika mechi ya kwanza, mjini Sydney, Larwood aliwatoa wapigaji 10, na Uingereza ikashinda. Australia ikashinda ya pili huko Melbourne. Ya tatu ilichezwa Adelaide, Januari 1933, na hapo ndipo hasira ilipochemka. Mpira wa Larwood ulimpiga kapteni wa Australia, Bill Woodfull, kifuani karibu na moyo. Siku nyingine mpira wake ulimpiga Bert Oldfield kichwani, na mfupa wa fuvu ukapasuka. Haki yataka tuseme kuwa nyakati zote mbili wadakaji hawakuwa wamepangwa kwa mpango wa Bodyline. Lakini baada ya Woodfull kuumia, mara Jardine akawaamuru wadakaji wahamie upande ule, na watazamaji wakapiga kelele za ghadhabu. Viongozi wa kriketi wa Australia wakapeleka simu ya maandishi London kwa klabu ya MCC, iliyotawala kriketi ya Uingereza, wakisema kuwa mchezo huo hauna uungwana. MCC ikakasirika kwa neno hilo, na jambo likafika masikioni mwa serikali.

Sasa angalieni jambo moja. Katika timu ile alikuwamo mrushaji mwingine wa kasi, Gubby Allen. Yeye alimwambia Jardine waziwazi kuwa hatarusha kwa namna ile. Hakuondolewa katika timu. Alicheza mechi zote tano, akapata wiketi 21 kwa namna yake mwenyewe. Allen alikuwa mchezaji wa ridhaa. Je, mchimbaji wa Nuncargate angaliweza kumjibu kapteni hivyo, na kesho yake akawa bado ana kazi? Sisemi kuwa Larwood alilazimishwa. Yeye mwenyewe aliamini kuwa mpango ulikuwa halali, na hakuukana hata alipokuwa mzee. Nasema tu kuwa njia iliyokuwa wazi kwa mmoja haikuwa wazi kwa mwingine.

Uingereza ilishinda mechi nne kati ya tano. Larwood alipata wiketi 33 kwa mikimbio 644. Bradman, aliyekuwa akipata zaidi ya 100 kwa wastani, alishushwa hadi 56. Katika mechi ya mwisho, mjini Sydney, Larwood alishika hata gongo na kupata mikimbio 98. Na wale Waaustralia waliokuwa wakimzomea wakasimama kumshangilia. Kisha akaenda kurusha tena. Huko mguu wake wa kushoto, ule wa mbele uliokuwa ukikita ardhi ngumu ya Australia tangu mwanzo, ukavunjika mifupa midogo ya wayo. Akaomba ruhusa ya kutoka. Jardine akakataa: Bradman bado yumo, na akimwona Larwood anaondoka atapata moyo. Basi Larwood akamalizia mirusho yake akiwa amesimama tu bila kukimbia, kisha akabaki uwanjani akichechemea. Bradman alipotolewa, ndipo aliporuhusiwa kutoka, na maadui wale wawili wakaondoka uwanjani pamoja bila kusemezana. Larwood alikuwa na umri wa miaka 28. Hakuichezea Uingereza tena.

Si mguu peke yake uliomzuia. Mwaka 1934 Waaustralia walikuwa wanakuja Uingereza, na wakubwa wa kriketi walitaka amani. Sir Julien Cahn, mkubwa mmoja wa Nottinghamshire, akamweleza Larwood kuwa kama anataka kuchaguliwa hana budi kutia sahihi barua ya kuomba radhi kwa MCC kwa namna alivyorusha. Larwood alishangaa. Alikuwa amerusha kama kapteni wake alivyoagiza, na kapteni huyo aliteuliwa na MCC wenyewe. Akajibu kuwa hana kosa la kuombea radhi, wala hakutia sahihi. Kweli, Jardine naye hakucheza tena dhidi ya Australia, na Carr aliondolewa ukapteni wa Nottinghamshire. Lakini hao walikuwa na mahali pengine pa kuegemea. Larwood alikuwa na mkono wake wa kulia tu.

Alirudi katika jimbo lake akajifunza kazi upya. Alifupisha mbio zake ili kuuhurumia mguu, akategemea shabaha kuliko kasi, na mwaka 1936 alipata wiketi 119 kwa mikimbio pungufu ya 13 kila moja. Ndipo tunapoona kuwa kasi haikuwa ufundi wake wote. Mwaka 1938 akaacha kucheza. Jumla ya wiketi zake katika kriketi ya daraja la kwanza ni 1,427. Baada ya vita alinunua duka dogo la peremende mjini Blackpool, akauza peremende kimya kimya kama mtu yeyote.

Huko alikumbukwa na mtu ambaye hamkumtazamia. Jack Fingleton alikuwa mpigaji wa Australia, mmoja wa wale walioionja mipira ya Larwood miilini mwao mwaka 1932. Baadaye akawa mwandishi wa magazeti. Ndiye aliyemsaidia Larwood kuhamia Australia. Mwaka 1950 Larwood, mkewe na binti zao watano walipanda meli ya Orontes, ile ile iliyokuwa imemchukua mwaka 1932 kwenda kumpiga Bradman. Akakaa Sydney, akafanya kazi katika kiwanda cha vinywaji, na wale waliomzomea zamani wakawa jirani na rafiki zake. Nchi yake mwenyewe ilimpa nishani ya MBE mwaka 1993, akiwa na umri wa miaka 88, takriban miaka 60 baada ya Bodyline. Alifariki tarehe 22 Julai 1995. Kitu kimoja alichokitunza ni kijisahani cha fedha cha kuwekea majivu ya sigara, zawadi kutoka kwa Jardine, chenye maandishi ya shukrani ya kapteni.

Watu bado hubishana kama Bodyline ilikuwa haki. Mimi naona kuwa waliopigwa walikuwa na haki ya kulalamika, na sheria zilizotungwa baadaye kupunguza hatari hiyo zilikuwa njema. Lakini swali la nani aulizwe ni jingine. Agizo lilitoka juu, na barua ya kuomba radhi ikapelekwa chini. Sisi tunaocheza katika kiwanja cha shule tutarusha kwa amri ya makapteni wetu, na baadhi yetu tutakuwa makapteni. Siku utakapompa mwenzako mpira na kumwonyesha pa kurusha, kumbuka kuwa neno hilo ni lako pia siku ya lawama, hata kama mkono ni wake.