Kwa Nini Unasema "Tumeshinda" na Gari Hukuliendesha Wewe?

Tarehe 1 Mei 1983, kwenye uwanja wa Imola nchini Italia, mashabiki wa langalanga, yaani Formula 1, walifanya jambo ambalo ukilisoma haraka unaweza kudhani mwandishi amechanganya majina. Zikiwa zimebaki raundi chache, Riccardo Patrese, Mwitaliano mzaliwa wa Padova, alimpita Mfaransa Patrick Tambay na kuchukua uongozi. Mtoto wa nyumbani anaongoza nyumbani. Kabla hajamaliza hata raundi hiyo, gari likamshinda kwenye kona, akatoka nje ya barabara, kazi ikaishia hapo. Na Waitaliano waliofurika pale wakalipuka kwa shangwe.

Patrese alikuwa kwenye Brabham, gari la timu ya Uingereza lenye injini ya BMW ya Ujerumani. Tambay alikuwa kwenye Ferrari. Tena Ferrari namba 27, namba aliyoitumia Gilles Villeneuve, Mkanada ambaye Waitaliano walimpenda kama mtoto wao, na ambaye alikufa kwenye ajali kule Zolder, Ubelgiji, mwaka mmoja tu kabla. Tambay akashinda. Kwa hiyo hapo tuna Waitaliano wanaomshangilia Mfaransa aliyerithi namba ya Mkanada, na kufurahia kuanguka kwa Mwitaliano mwenzao. Kama ushabiki ungekuwa suala la pasipoti, siku ile isingewezekana.

Mbio za magari zina utata ambao kandanda haina kwa kiwango hicho. Ukishabikia Gor Mahia au Yanga, unashabikia klabu, na wachezaji wanapita. Kwenye magari unapewa ndoano mbili kwa wakati mmoja: mtu na chombo. Dereva ana jina, uso, ukoo na sauti unayoisikia redioni akigombana na injinia wake. Timu ina rangi, historia, na mara nyingine ina gari ambalo hata wewe unaweza kulinunua likiwa limetumika. Ndoano hizo zikivuta upande mmoja, huoni tofauti. Zikivuta pande mbili, kama Imola, ndipo unagundua ni ipi iliyokunasa kweli.

Jibu ambalo wengi hulitoa kwanza ni kwamba tunampenda anayekwenda kasi. Hebu tulipime. Ferrari ilipata bingwa wa dunia mwaka 1979 kupitia Jody Scheckter, halafu ikakaa mpaka mwaka 2000 ndipo Michael Schumacher akaleta taji jingine la madereva. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa Scheckter alifikisha miaka 21 akisubiri. Majukwaa ya Monza hayakuhamia McLaren wala Williams, ambazo ndizo zilizokuwa zikishinda miaka mingi ya kipindi hicho. Kasi inavuta macho, sawa, lakini haielezi kwa nini watu hubaki inapokosekana.

Katika fani yangu, saikolojia ya jamii, jibu huanzia mahali pasipohusiana na michezo hata kidogo. Henri Tajfel alikuwa Myahudi wa Poland aliyepigana katika jeshi la Ufaransa, akatekwa na Wajerumani, na vita ilipoisha akakuta karibu jamaa zake wote wameuawa. Swali lililomkaa rohoni lilikuwa hili: ni kitu kidogo kiasi gani kinachotosha kumfanya mtu ampendelee wa kwao na amnyime wa upande wa pili?

Akiwa Bristol, Uingereza, aliwachukua wavulana wa shule wa miaka 14 na 15, akawaonyesha picha za wachoraji wawili, Paul Klee na Wassily Kandinsky, kisha akamwambia kila mmoja yuko kundi gani kulingana na picha alizozipenda. Ulikuwa uongo. Makundi yalipangwa kwa bahati nasibu. Halafu kila mvulana, akiwa peke yake, aligawa pesa kidogo kwa wenzake wawili asiowaona, anaojua tu namba zao na kundi lao. Yeye mwenyewe hakuwa anajigawia chochote. Pamoja na hayo waliwapendelea wa kundi lao. Na kinachotisha kidogo ni kwamba mara nyingi walikubali wa kwao wapate pungufu ya walichoweza kupata, mradi tu wa upande wa pili wapate pungufu zaidi.

Soma sentensi hiyo ya mwisho tena ukiwa na Imola akilini. Kushangilia ajali ya mpinzani ni tabia ya wale wavulana wa Bristol, isipokuwa hapa kuna kelele na bendera. Tajfel alionyesha kwamba kundi halihitaji sababu nzito ili lianze kuwa "sisi". Likishakuwa "sisi", sifa yake inakuwa sehemu ya sifa yako, na aibu yake vilevile.

Hapo Kiswahili kinatusaidia kuliko lugha nyingi, kwa sababu "sisi" yetu inakaa mwanzoni mwa kitenzi na huwezi kuificha. Tumeshinda. Wamefungwa. Silabi moja tu na mtu amekwisha kujieleza.

Robert Cialdini na wenzake walilichunguza jambo hili nchini Marekani na kulichapisha mwaka 1976. Kwanza walikwenda kwenye vyuo vikuu 7, wakawa wanahesabu kila Jumatatu ni wanafunzi wangapi wamevaa nguo zenye jina au nembo ya chuo chao. Timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani ikishinda wikendi, nguo hizo ziliongezeka darasani. Kisha wakawapigia wanafunzi simu, wakawapa maswali machache ya maarifa na kuwaambia, bila kujali ukweli, kwamba wamefanya vizuri au vibaya. Baadaye wakawauliza kuhusu mechi ya timu ya chuo. Wanafunzi walielekea kusema "sisi" wanaposimulia ushindi kuliko wanaposimulia kipigo, na tofauti hiyo ilionekana hasa kwa wale walioambiwa wamefeli maswali.

Yaani aliyetoka kuumizwa ndiye aliyekimbilia moto. Mimi huuita ushabiki wa aina hii kuota moto wa jirani: kuni si zako, hukuuwasha, lakini joto linakufikia na usiku ni wa baridi. Sisemi hivyo kwa dharau. Ukiwa na wiki mbaya kazini au matokeo mabaya ya mtihani, Jumapili ya mbio inaweza kukurudishia kitu, na sidhani ni haki kumcheka mtu kwa hilo.

Ila moto wa jirani una watu wa aina mbili. Mwaka 1990 Daniel Wann na Nyla Branscombe walionyesha kwamba si kila shabiki hujitenga na timu inapopoteza. Wale ambao timu imeingia ndani kabisa ya namna wanavyojitambua wenyewe hubaki, maana kuiacha timu ni kama kujiacha wenyewe. Wanaoondoka ni wale ambao kwao timu ilikuwa nguo tu. Hapo ndipo ile miaka 21 ya Ferrari inapoanza kueleweka. Na nadhani ukame wenyewe ulichangia: ukishalipia kitu kwa uchungu wa miaka mingi, unakiona cha thamani zaidi.

Bado hatujajibu swali la huyu na si yule. "Sisi" inaweza kuundwa na chochote, lakini nani hasa anaipata?

Kwa dereva, njia kubwa ni mazoea. Tangu mwaka 1956 Donald Horton na Richard Wohl walieleza urafiki wa upande mmoja ambao televisheni huuzalisha: unamwona mtu kila wiki, unajua utani wake na hasira zake, akili inamhesabu kuwa mtu unayemfahamu, ilhali yeye hajui kama upo. Mfululizo wa Netflix kuhusu langalanga, ulioanza mwaka 2019, umejengwa juu ya jambo hilo hilo. Kofia ya dereva inamficha uso kwa karibu saa mbili za mashindano. Kamera za nyuma ya pazia zinauonyesha kwa saa nyingi. Utaifa nao husaidia pale ndoano zinapokubaliana. Zandvoort huko Uholanzi iliporudi kwenye kalenda mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 1985, majukwaa yaligeuka rangi ya machungwa kwa ajili ya Max Verstappen. Rangi ya machungwa ni ya Uholanzi. Red Bull, mwajiri wake, ina rangi zake nyingine.

Upande wa chombo, sihitaji kwenda mbali. Naivasha inatosha.

Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 Toyota ilishinda mara zote tano za kwanza, mpaka 2025. Mwaka 2022 na 2023 ilichukua nafasi 4 za juu zote. Barabara za Kenya nazo zimejaa Toyota. Kwa hesabu ya kawaida, Naivasha ingekuwa bahari ya fulana za Toyota. Lakini ukienda pale utakuta misafara ya Subaru, stika za Subaru, kofia za buluu, vijana wanaobishana kuhusu sauti ya ekzosi ya Impreza, gari la kampuni iliyojitoa kwenye ubingwa wa dunia wa rali mwishoni mwa 2008. Baadhi yao walikuwa bado wananyonya.

Historia inaeleza sehemu moja. Mwaka 1993 Patrick Njiru aliendesha Subaru Vivio, kigari cha injini ya cc 660 ambacho ungedhani kimekuja kununua mkate, akakifikisha mwisho na kushinda daraja lake. Colin McRae, dereva wa kiwanda, naye alikuwa na Vivio na hakumaliza. Mwaka uliofuata Njiru akamaliza wa 4 kwa jumla akiwa na Impreza. McRae mwenyewe akaishinda Safari mwaka 1997 kwa Impreza, na Richard Burns akafanya hivyo mwaka 2000. McRae Kimathi, dereva Mkenya wa kizazi cha sasa, alipewa jina la yule Mskoti. Ushabiki ukishaingia kwenye vyeti vya kuzaliwa, si wa kupita tena.

Sehemu ya pili ndiyo inayonivutia zaidi. Marilynn Brewer alipendekeza mwaka 1991 kwamba binadamu ana njaa mbili zinazopingana, ya kuwa ndani ya kundi na ya kuwa tofauti na wengine. Kundi linalotushika sana ni lile linaloshibisha zote mbili. Sasa fikiria Toyota nchini Kenya. Ni gari la mwalimu, la teksi, la shemeji, la mchungaji. Ukisema "sisi watu wa Toyota" hujasema kitu. Subaru ni nyingi vya kutosha uwapate wenzako, na ni chache vya kutosha muwashiane taa mkipishana barabarani. Toyota inashinda mashindano, lakini haiwezi kukupa "wao", kwa sababu karibu kila mtu yumo.

Madereva wa hapa pia hunufaika na mantiki hiyo hiyo. Mashabiki wa Naivasha wanajua Mkenya mwenye gari la daraja la chini hatampita Mfini au Mfaransa mwenye gari la kiwanda. Wanachosubiri ni apite tu, akiwa mzima, wapate mtu wa kumwita wa kwao. Alipopita Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliyeishinda Safari mara 3, mwaka 1965, 1974 na 1976, mara ya kwanza kwa Volvo na zilizofuata kwa Mitsubishi, ndoano ilikuwa mtu, na gari lingekuwa lolote.

Jaribio zuri zaidi la siku za karibuni halikufanywa na mtafiti. Februari 2024 ilitangazwa kwamba Lewis Hamilton, mwenye mataji 7, 6 kati yake akiwa Mercedes, angehamia Ferrari msimu wa 2025. Kwa wengi wetu Afrika na kwa watu weusi wa ughaibuni, Hamilton ndiye aliyetufungulia mchezo huu. Hakuna dereva mwingine mweusi aliyewahi kushiriki Formula 1. "Sisi" yetu ilikuwa kwake, na Mercedes ilikuwa basi alilopanda. Kwa Mtaliano wa Monza, Hamilton alikuwa "wao" kwa miaka 18, kisha siku moja akavaa nyekundu.

Tarehe 22 Machi 2025, Shanghai, Hamilton akashinda mbio fupi za Jumamosi akiwa na Ferrari. Makundi yote mawili yangeweza kusema "tumeshinda", na kila moja likawa na "sisi" yake. Kesho yake, baada ya mbio kuu, Ferrari zote mbili zikafutiwa matokeo: la Charles Leclerc lilikuwa na uzito pungufu, na la Hamilton ubao wa chini ulikuwa umesagika kupita kipimo. Kama nadharia iko sawa, shabiki wa timu jioni ile alisema "tumefutwa". Shabiki wa Hamilton alisema "wamemwangusha".