Kusimamisha Mlingoti wa Katamarani

Mtu aliyezoea ngalawa ya pwani ya Afrika Mashariki, yenye mtumbwi mmoja na mirengu miwili, akiiona katamarani kwa mara ya kwanza hujiuliza mlingoti wake umesimama juu ya nini. Mitumbwi ni miwili iliyo sawa, mmoja kila upande, na katikati pana boriti za alumini na turubai la kukalia. Mlingoti umetua juu ya boriti ya mbele, wala haukupigiliwa. Hushikwa na nyaya tatu tu: mbili za ubavuni na moja ya mbele. Jina lenyewe la chombo hiki latoka katika Kitamil, na maana yake ni miti iliyofungwa pamoja.

Katamarani ndogo ijulikanayo sana ni Hobie 16, iliyobuniwa na Hobie Alter huko California, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960. Urefu wake ni mita 5 na kidogo, upana mita 2.4, na uzito kilo 145 hivi. Kwa wepesi huo, baba na mama pamoja na watoto waliopevuka waweza kuitayarisha wenyewe ufukweni, bila fundi.

Kabla ya kugusa chochote, yapasa kutazama juu. Mlingoti huu una urefu wa mita 8 hivi, nao ni wa alumini. Ukigusa nyaya za umeme, au hata ukizikaribia mno, aliyeushika aweza kufa papo hapo. Ajali za namna hiyo zilitokea Marekani, na katika miaka ya 1980 watengenezaji wakaanza kuweka kilele cha plastiki yenye nyuzi za kioo, kisichopitisha umeme. Hata hivyo sehemu ya chini na nyaya zake zote zingali madini. Hatari ni ile ile chombo kikiwa juu ya kigari chake, mlingoti umesimama, kikisukumwa kuelekea majini na watu wanaotazama miguu yao.

Mahali pakiwa salama, mlingoti hulazwa kuelekea nyuma, kitako chake kikatiwa pini ya bawaba pale utakaposimama. Nyaya za ubavuni hufungwa kwanza, katika tundu lililo sawa kulia na kushoto, na kuhakikishwa kwamba hazikujisokota. Kisha mtu mwenye nguvu husimama juu ya turubai, akauinua mlingoti na kuusukuma mbele, huku mwenziwe akivuta waya wa mbele kutoka chini. Asiuachie hata kidogo mpaka waya huo umekwisha kufungwa kwenye makutano ya nyaya mbili fupi zitokazo katika pua za mitumbwi. Mlingoti ukisimama, ile pini ya kitako huondolewa, kwa sababu mlingoti huu hutakiwa kugeuka ili ukingo wake uelekee upepo.

Sasa laja jambo ambalo wengi hawalifahamu. Ndani ya ukingo wa tanga la mbele mna waya wake. Tanga likipandishwa na kamba yake ikakazwa kwa kapi, waya huo wa tangani ndio unaoupokea mzigo wa mlingoti, na ule waya wa mbele hulegea kabisa. Anayeanza huuona umelegea akadhani amekosea. Hakukosea, lakini tangu dakika hiyo uzima wa watu umo katika kamba ya kupandishia na vifungo vyake. Kwa hiyo pini ndogo na pete zake, ambazo thamani yake ni ndogo mno, zastahili kukaguliwa kama askari akaguavyo bunduki yake, kisha zizungushiwe utepe zisije zikanasa kamba na kuchomoka.

Kukaza kwataka kiasi. Tanga la mbele likilegea, ukingo wake hupinda, na chombo hukataa kwenda joshi. Likikazwa kupita kiasi, mlingoti hugoma kugeuka na boriti huelemewa. Wakati wa kusafiri, waya wa upande wa demani, yaani usiopata upepo, hulegea kiasi. Hilo si kosa. Mlingoti nao huinamishwa nyuma kidogo ili pua zisizame haraka katika mawimbi, kwani pua zikizama chombo hupinduka kwa mbele. Ukiinamishwa mno, kapi la juu na la chini la kamba ya tanga kubwa hugusana kabla tanga halijakaza, na hapo hapana la kufanya ila kubadili tundu.

Waya hukaguliwa kwa kupitishiwa kitambaa au pamba, si mkono mtupu. Uzi uliokatika hunasa pamba. Waya wenye uzi hata mmoja uliokatika hubadilishwa, haufungwi kwa utepe.

Wakati wa kurudi, tanga kubwa hushushwa kwanza. Kabla ya kulegeza kamba ya tanga la mbele, mmoja akautazame ule waya wa mbele uliokuwa umepumzika siku nzima, ahakikishe kwamba pini yake ingalipo. Kama imechomoka, mlingoti utaanguka nyuma juu ya turubai, mahali walipoketi watoto.